Barua ya malalamiko: skrubu yenye kijiti kwenye pasi ya wati 1200

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja na Vipuri.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SKRUBU YA KIFUNIKO CHA NYUMA, PASI KAVU YA WATI 1200

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kifuniko cha nyuma cha pasi zenu za sasa kimefungwa kwa skrubu moja ya Torx T10 (yenye tundu la meno sita) na kijiti katikati ya tundu. Toleo lililotangulia lilifungwa kwa skrubu ya kawaida ya nyota, PH1, mahali palepale na kwa urefu uleule. Tunaomba ile ya zamani irudi.

Wateja wanaouliza hujibiwa na kituo chenu kwamba kijiti kile kipo kwa ajili ya usalama, mtu asije akagusa penye umeme. Kinachotakiwa kwa vyombo vya umeme vya nyumbani ni kwamba sehemu zenye umeme zisifikike bila zana. Bisibisi ya nyota ni zana. Hakuna mtoto anayefungua PH1 kwa kucha. Sharti hilo lilikuwa limetimia tangu toleo la zamani.

Hatari inakuja baadaye, na skrubu yenu ndiyo inayoileta. Ugonjwa mkubwa wa pasi ni waya kukatikia ndani, pale unapoingilia kwenye mpira wa shingo, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila mkono unapokwenda na kurudi. Dalili yake inajulikana: taa inawaka na kuzimika ukiutikisa waya. Ukipima kwenye pini mbili za plagi, thamostati ikiwa imewashwa, pasi nzima ya wati 1200 kwa volti 230 husoma karibu na omu 44. Ikisoma wazi, yaani umeme haupiti, mara nyingi ni waya au fyuzi ya joto, ile inayokatika pasi ikizidi moto. Dawa ni kukata sentimita kumi zilizochoka, au kuweka waya mpya wa nyuzi tatu za milimita mraba 0.75 wenye ganda la pamba, maana ganda la plastiki tupu huyeyuka likigusa bamba la moto la pasi. Waya wa athi (wa ardhini, unaomkinga mtu asipigwe na umeme) huachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, ili ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kazi ya dakika ishirini, kama kifuniko kinafunguka.

Hakifunguki. Skrubu iko ndani ya shimo lenye kina cha milimita 40 na upana wa milimita 6. Biti (ncha za bisibisi za kubadilisha) za Torx zenye tundu la kijiti zinapatikana madukani, lakini nyingi ni fupi, na kitako chake cha pembe sita kina milimita 6.35 upande kwa upande, kwa hiyo kinagota mdomoni mwa shimo. Anayetaka kuifungua vizuri lazima apate bisibisi nzima ya T10 yenye tundu na shingo nyembamba. Hiyo si kila fundi anayo, na mwenye pasi nyumbani ndiyo kabisa.

Basi hutumika njia za mkato, na kila moja ina hasara yake. Kukivunja kijiti kwa ncha ya chuma na nyundo hufaa kwenye skrubu iliyo juu juu. Ndani ya shimo la milimita 40 pigo hushukia kwenye nguzo ya plastiki inayoshika skrubu, nayo hupasuka. Kuitoboa kichwa kwa drili huacha vumbi la chuma juu ya viungio vya umeme. Bisibisi bapa nyembamba ikisokotwa kati ya meno mawili huzungusha mara moja, kisha hula tundu likawa duara.

Skrubu ikishaharibika, nyinyi hamuuzi nyingine. Fundi anatafuta yoyote inayokaribiana, kwa kawaida nene kuliko inayotakiwa, au anafunga kwa gundi. Kumbukeni kwamba katika pasi hii kifuniko hichohicho ndicho kinachobana shingo ya waya. Kisipokaza, mvuto wote wa mkono unahamia kwenye viungio, na siku waya wa moto ukichomoka na kugusa bamba huku athi imelegea, anayepiga pasi ndiye atakayepigwa.

Torx yenyewe hatuna ugomvi nayo. Bisibisi haitelezi kwenye tundu lake kama kwenye nyota, na wahandisi wenu wakiipenda waiache, ila bila kijiti, na shimo lipanuliwe lifike milimita 8. Kama hoja ni dhamana, doa la rangi juu ya kichwa cha skrubu linatosha kuonyesha kwamba pasi ilifunguliwa. Huko Umoja wa Ulaya, kanuni ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za kubebeka zilizomo ndani ya vifaa ziweze kutolewa na mtumiaji kwa zana zinazopatikana madukani, isipokuwa kwa vifaa vichache. Pasi haina betri, lakini kipimo hicho cha zana za madukani kinatutosha na sisi.

Kwa pasi ambazo zimeshauzwa, tunaomba skrubu za PH1 za urefu huo ziwekwe kwenye orodha ya vipuri pamoja na mpira wa shingo na fyuzi ya joto, kila fyuzi ikiwa na vipete vyake viwili vya kuminya, vya kuunganishia waya bila kulehemu. Vipete hivyo msivisahau. Fyuzi inayokatika kwenye nyuzi joto 240 haiunganishwi kwa chuma cha kulehemu chenye nyuzi 300 na zaidi. Inakufa kabla hata haijarudishwa ndani ya pasi.

Tunaambatanisha vifuniko vitatu vilivyopasuka nguzo, pamoja na skrubu zake. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja toleo ambalo badiliko litaanzia.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani,
Kariakoo, Dar es Salaam.