Barua ya malalamiko: wachezaji mliowaacha langoni Livingstone

Lubumbashi, 6 Mei 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Ajansi ya Safari,
Lubumbashi

Kuhusu: Safari ya timu yetu ya wasichana kwenda Livingstone, Zambia, mwezi wa Aprili

Bwana Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima. Kontra unayo, programu unayo, na risiti zenye mhuri wa ofisi yako unazo. Kwa hiyo sitapoteza muda kukukumbusha mliyotuahidi. Ninaandika kwa jina la komite, wazazi na wachezaji wetu wa Katuba juu ya mliyotufanyia, na kwanza kabisa juu ya yaliyotokea kwenye lango la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria.

Tulifika pale asubuhi. Kiongozi mliyetupa alishuka wa kwanza, akaenda dirishani, akarudi na tiketi kumi na nne mkononi. Sisi tulikuwa watu ishirini na wawili, na majina yetu yote mlikuwa nayo tangu tulipomaliza kulipa. Nikamwuliza zingine ziko wapi. Akajibu kwamba hizo ndizo alizopewa pesa zake. Halafu, watoto wote wakisikia, akamgeukia kapiteni wetu akasema: "Wa timu ya kwanza waingie. Wa benchi wabaki hapa. Maji ni maji, hata hapa wanayasikia."

Bwana Mkurugenzi, tafadhali soma tena maneno hayo, kisha ujiulize kama ungekubali mtoto wako aambiwe hivyo mbele ya wenzake, ugenini.

Nilipiga simu ofisini kwako pale pale langoni. Aliyepokea aliniambia, "Mama, soma kontra," akakata. Nimeisoma. Kifungu cha viingilio kinasema "washiriki wote". Hakikutaja wanaoanza mechi wala wanaokaa benchi. Na msituulize kwa nini hatukulipia wenyewe zile tiketi zilizopungua. Mliandika kwamba kila kitu kimeshalipwa, tukaja na pesa kidogo ya mfukoni, na hiyo nayo iliishia njiani kwa chakula ambacho nyinyi mlipaswa kutupa Ndola na hatukukiona.

Mnajua kwa nini tulisafiri. Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya meza ya mfanyakazi wako nikamweleza kwamba timu ina nyufa, kwamba wachezaji wa zamani hawawapi mpira wale wapya, kwamba wengine hawasalimiani hata mazoezini, na kwamba kocha anataka wakae pamoja mbali na nyumbani, wale pamoja, waone kitu kikubwa pamoja, warudi wakiwa timu moja. Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya programu: safari ya umoja. Karatasi hiyo ninayo. Kisha mkatuma mtu akawapange watoto makundi mawili langoni, wanaofaa na wasiofaa.

Kasumbalesa nako mnajua kilichotokea. Basi lenu lilifika mpakani bila karte ya njano ya COMESA, ile bima ambayo kila anayevusha gari kwenda Zambia anajua kwamba inahitajika. Kampuni inayouza safari za nje inaanzaje safari bila hiyo? Tulikaa kati ya malori ya shaba tangu asubuhi hadi jua linazama, watoto wakiwa ndani ya basi lisilo na hewa, shofere akiwapigia simu watu wenu nao hawapokei. Komite ilikuwa imeandaa kila kitu kilichotuhusu: pasi, karte za chanjo ya homa ya manjano, barua za wazazi kwa ajili ya wale ambao hawajafikisha miaka kumi na minane. Hakuna karatasi yetu hata moja iliyokataliwa. Ni ya kwenu tu iliyokosekana.

Na kwa sababu ya kuchelewa huko, Lusaka tulipita usiku wa manane bila kusimama. Labda kwenu hilo ni jambo dogo. Kocha alikuwa ameomba, na mlikubali kwa maandishi, tusimame penye makaburi ya wachezaji wa Zambia waliokufa tarehe 27 Aprili 1993, ndege yao ilipoanguka baharini karibu na Libreville. Alitaka awasimulie wasichana pale pale jinsi taifa lile lilivyojenga timu upya, hadi mwaka 2012 likachukua Kombe la Afrika, tena katika mji uleule wa Libreville, na penalti ya mwisho ikapigwa na Stophila Sunzu aliyekuwa akicheza hapa kwetu, TP Mazembe. Wasichana wetu wanalijua jina hilo. Mwaka 2024 waliwaona wanawake wa TP Mazembe wakichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na tangu hapo kila mmoja wao, pamoja na hao wa benchi, anaamini kwamba siku yake itafika. Kocha alikuwa ameandika maneno yake kwenye daftari. Hakuyasema. Shofere alikuwa anafukuza muda mlioupoteza nyinyi.

Mlango wa basi pia lazima niutaje, maana ni maisha ya watoto. Zambia magari yanapita kushoto. Basi mlilotupa lina mlango kulia. Kila tuliposimama, wasichana walishukia upande wa magari yanayokuja, na kocha alikuwa akitangulia kushuka ili asimame barabarani na kunyoosha mikono. Mliwahi kulifikiria hilo kabla ya kulituma?

Vyumba vya watu watatu vilikuwa vya watu watano. Hilo naliacha.

Lakini siwezi kuacha uongo wa programu. Mliandika kwamba timu itaogelea kwenye lile bwawa la ukingoni mwa maporomoko linaloitwa Devil's Pool, mkaweka na picha. Bwana Mkurugenzi, bwawa hilo hufikiwa tu wakati maji yamepungua, kuelekea mwisho wa mwaka. Mwezi wa Aprili Zambezi imejaa, na mtu akiingia pale anachukuliwa na maji hadi chini, zaidi ya mita mia moja. Kila mtu wa Livingstone tuliyemwuliza alishangaa. Mliwauzia watoto wetu kitu ambacho hakipo msimu huo, na kama kiongozi wenu angejaribu kukitimiza, leo tungekuwa tunazika. Upinde wa mvua wa usiku nao mliuahidi, ule unaoonekana mwezi ukiwa mpevu, na kweli mwezi ulikuwa mpevu tukiwa huko. Usiku huo shofere na kiongozi wenu walikuwa wamezima simu zao.

Narudi langoni, maana sijawaambia yote.

Kati ya wale waliobaki alikuwemo golikipa wetu wa akiba, mdogo kuliko wote. Alikuwa ameshapewa koti la mvua na ameshalivaa, amelifunga hadi shingoni, anawaonyesha wenzake. Kiongozi wenu aliposema kwamba wa benchi wabaki, hakuishia kwenye maneno. Alimwendea mtoto yule akamwambia makoti yamekodiwa kwa hesabu ya tiketi, akaanza kumvua. Hakusubiri ajivue. Alilivuta kupitia kichwani, kifungo kikanasa kwenye misuko yake, mtoto akainama akishika nywele, na yule bwana akaendelea kuvuta. Nikamshika mkono ndipo akaacha. Nikakinasua kile kifungo mwenyewe, uzi kwa uzi, na mtoto hakulia wala hakusema neno. Koti akapewa mwingine, ambaye alilipokea bila kumtazama mwenzake usoni.

Mwezi huo manyunyu ya maporomoko yanafika mbali. Waliobaki waliloa pale walipokaa, bila koti, bila kuona chochote, wakisikia ule mngurumo na sauti za wenzao wakipiga kelele kwenye daraja la Knife-Edge. Pamoja nao alikaa mama anayefua jezi zetu, mjane ambaye alichangia safari hii kwa pesa ya makala, yaani makaa ya kupikia, anayouza soko la Kenya hapa Lubumbashi. Hakuwahi kuvuka Kasumbalesa maisha yake yote. Nilibaki naye. Aliniuliza, "Mama, mimi nilipungukiwa malipo?" Nilimjibu hapana. Sikuwa na jingine la kumwambia.

Waliporudi hakuna aliyeimba. Njia nzima ya kurudi, karibu kilomita elfu moja, wa tiketi walikaa mbele na wa langoni walikaa nyuma. Golikipa wa akiba hajarudi mazoezini hadi leo. Nilikwenda kwao, mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia mtoto hataki. Wengine wawili nao wamesema wataacha. Huo ndio umoja tuliowalipa mtutafutie.

Kwa hiyo tunadai kwanza mrudishe pesa ya viingilio vya wote walioachwa. Tulipokuwa tukiandaa barua hii komite iliona hilo halitoshi, nami nakubaliana nayo: mrudishe pesa yote ya safari ya hao wanane, kuanzia basi hadi kitanda. Na kwa kuwa bima, chakula, Lusaka na bwawa vilituhusu sote, mturudishie nusu ya pesa ya wale kumi na wanne walioingia pia.

Pia kiongozi yule aje Katuba, uwanjani, siku ya mazoezi, aombe msamaha mbele ya timu nzima. Wewe mwenyewe uje naye. Hatutaki mfanyakazi, wala barua, wala simu. Mbele ya golikipa yule avue kofia yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa adabu, na aseme alichokosea. Mama wa jezi naye aambiwe na wewe kwamba alilipa kamili.

Tunawapa hadi mwisho wa mwezi huu wa Mei. Msipojibu, wakili anayetusaidia atapeleka faili Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi, na hapo hatutadai nusu tena, tutadai yote pamoja na fidia. Nakala itakwenda kwenye ofisi ya michezo ya jimbo, ili timu zingine zijue kabla hazijawapa pesa. Wazazi wanataka kuja ofisini kwako wote pamoja, na hadi sasa ni mimi ninayewazuia. Baada ya tarehe 31 sitawazuia.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zetu.

Katibu wa komite ya timu,
kwa niaba ya watu wote ishirini na wawili wa msafara, wakiwemo mliowaita wa benchi