Mjomba, wafungwa wafundishwe muziki

Mjomba, mbukwenyi. Shikamoo.

Kwenye kikao cha familia ulisema muziki gerezani ni anasa, na kwamba anayetaka kwaya za wafungwa asihangaike, zipo tayari. Nilinyamaza kwa heshima. Leo nakujibu hadharani kwa sababu wanaowaza kama wewe ni wengi, na wewe unastahili jibu lililofikiriwa: umevaa sare ya Magereza miaka mingi na umeyaona mengi nisiyoyajua.

Nianze na hizo kwaya. Zipo, na nyingine zinaimba vizuri mno. Lakini mara nyingi huitwa anapokuja mgeni rasmi, na wanaosimama mbele ni wale walioingia ndani tayari wanajua kuimba. Ninachokililia mimi ni somo. Liwe na ratiba, mwalimu, ubao, na mwanafunzi ambaye siku ya kwanza hajui lolote.

Nafundisha kwaya, Mjomba, kwa hiyo nasema ninachokiona kila wiki. Unampa mtu sauti ya tatu. Ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, kila mtu anaikimbilia. Ya tatu ukiiimba peke yako haina utamu wowote. Inamlazimu ashike njia yake huku masikio yake yakiwa kwa wenzake. Akipaza sauti kuwafunika, wimbo unaharibika na wote wanasikia, yeye akiwa wa kwanza. Amekosea mbele za watu, na hakuna aliyempiga wala kumtukana. Anaambiwa tu, "Turudie kuanzia mstari wa pili." Wapo vijana ambao tangu utotoni kila walipokosea walipigwa au walifukuzwa. Kurudia mstari wa pili bila hofu ni jambo ambalo hawajawahi kufanyiwa, na ninaamini urekebu mnaousema nyinyi wa Magereza, yaani kumrekebisha mfungwa, unaanzia hapo.

Nyimbo zetu Wagogo zimejengwa hivyo tangu kale. Mwimbishaji anaanza, wengine wanaingia kila mmoja na sauti yake, na ukimtoa mmoja unasikia pengo. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku kwetu, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mpaka anafariki mwaka 2003 ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze vilikuwa vimeshasikika kwenye majukwaa ya Ulaya. Urithi wa namna hiyo unazunguka ukuta wa gereza la Isanga hapa Dodoma kila upande, halafu tunasema hatuna cha kuwafundisha walio ndani?

Gharama nayo isitutishe. Noti za solfa, zile za do, re, mi, zinahitaji ubao na chaki. Ilimba ni sanduku la mbao, vijiti vya chuma vilivyofuliwa vikawa bapa (mafundi wengi hutumia misumari), na tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na ule mvumo wake. Gereza lenye karakana ya useremala limeshapata karibu kila kitu. Na kazi yenyewe inafundisha subira. Ukikivuta kijiti nje kidogo sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Fundi anakaa nacho mpaka sikio lake likubali. Seremala aliyepita hapo ataunga hata kiti kwa uangalifu mwingine. Wanawake wasisahaulike. Ngoma ya muheme kwetu ni ya kwao, na gereza lenye wanawake likose muheme kwa sababu gani?

Uliuliza swali moja ambalo sijaacha kulifikiria: yule aliyeibiwa ng'ombe wake, yeye ataimbiwa nini? Mjomba, muziki haumrudishii ng'ombe hata mmoja. Sitaki mfungwa apewe gitaa badala ya kuomba radhi na kulipa anachodaiwa. Lakini wengi wao watatoka. Watarudi Chang'ombe, Bahi, Kongwa, na siku moja mwizi na aliyeibiwa watakutana mnadani. Siku hiyo namtaka mtu aliyekwisha kuzoea kumsikiliza mwenzake, na nadhani hata mwenye ng'ombe angemtaka huyo kuliko aliyekaa miaka minane akijifunza kununa.

Wenzetu wamejaribu. Malawi, wafungwa na askari wa gereza la Zomba walirekodi albamu iliyoteuliwa kuwania tuzo za Grammy zilizotolewa Februari 2016. Aliyeshinda ni Angélique Kidjo wa Benin, lakini hakuna albamu ya Malawi iliyokuwa imewahi kufika hapo, na hii ilitoka gerezani. Askari waliimba pia, Mjomba, sikia hilo. Jimbo la Iowa, Marekani, Mary Cohen alianzisha mwaka 2009 kwaya ya gereza la Oakdale, ambamo wafungwa waliimba bega kwa bega na raia waliotoka mjini kuja kufanya mazoezi nao. Norwe wana mpango unaofundisha muziki ndani na kuendelea na mtu akishatoka.

Huu wa Norwe ndio unaonikaa moyoni, kwa maana kwetu mtu anatoka mlangoni na mfuko wa nguo, na kila mlango mwingine anaukuta umefungwa. Dodoma ina kwaya karibu kila mtaa, na Chamwino ina vikundi vya ngoma vinavyojulikana hadi nje ya nchi. Aliyejifunza sauti ya tatu ndani anaweza kuingia mazoezini Alhamisi jioni akapewa nafasi yake bila kusimulia kesi yake kwanza.

Wala siombi hisani. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 105 kwamba kila gereza liwe na shughuli za burudani na utamaduni kwa ajili ya afya ya mwili na akili ya wafungwa.

Nimeshaandika barua ya maombi kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa: vipindi viwili kwa wiki, solfa na utengenezaji wa ilimba, mimi na wanakwaya wawili tulio tayari kujitolea. Nakuomba uisome kabla sijaipeleka. Unajua askari wa zamu ataogopa nini akisikia habari za misumari na vyuma. Niandikie vihesabiwe vipi na vifungiwe wapi, nami nitaliongeza hilo kwenye ukurasa wa pili.