Kwa mdogo wangu Mombasa: kuhusu yale ya Barawa

London

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Baridi tu ndiyo inayotusumbua, na mama mdogo bado hajaizoea. Huzunguka nyumbani na shali mbili akiulaumu mji mzima. Pesa za dawa ya mama nimeshazituma. Tafadhali zisiingie kwenye shughuli ya arusi.

Sasa lile uliloniuliza. Wasema hapo maskani kuna kijana anayewaambia wenzake kwamba Barawa, mji wetu wa pwani ya Somalia, ilipokuwa mikononi mwa Al-Shabaab hakukuwa na mwizi, kwamba mtu aliweza kuacha duka wazi akaenda kuswali, na hayo mengine yote ni maneno ya wazungu. Wataka nikujibu ni kweli au uongo. Mimi sikukaa huko, kwa hiyo nilimpelekea mama mdogo, aliyeishi huko, swali lako jikoni. Alimaliza kwanza kukanda unga wa mofa, kisha akasema, "Mwambie hilo la duka ni kweli."

Basi usimbishie hapo. Wewe ulikuwa hujazaliwa 1991, Siad Barre, rais wa Somalia, alipoanguka na wenye bunduki wakawa wanauingia mji wetu kwa zamu, kundi likitoka jingine laja. Wabarawa hatukuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kutulipizia kisasi. Nyumba zikafagiliwa, wanawake wakafanyiwa yale ambayo wazee hawayataji mpaka leo, na walioweza wakapanda majahazi kuja Mombasa. Waliobaki walikaa hivyo mpaka mwaka 2006, zilipokuja Mahakama za Kiislamu, na baada ya hapo hawa Al-Shabaab wenyewe. Kadhi wao hakukuuliza wewe ni wa ukoo gani. Hata leo wako watu wanaotoka Mogadishu, mji wa serikali, kwenda kushtakiana mashamba kwenye mahakama za Al-Shabaab, kwa sababu hukumu hutoka upesi na hakuna anayethubutu kuikaidi. Mtu aliyeporwa miaka yote hiyo, akipata usiku mmoja wa kulala usingizi, haanzi kwa kuuliza bei.

Ila huyo kijana hakuwaambia kwa nini duka liliachwa wazi. Mwenye duka hakuwa na ruhusa ya kubaki ndani wakati wa swala. Askari wa hisba, polisi wao wa mambo ya dini, wakikukuta unapima sukari, bakora. Na mwizi alipokatwa mkono, kipaza sauti kilipita mitaani kuwaita watu uwanjani, na kutokwenda kutazama nako kulikuwa na maswali yake. Kismayu, Oktoba 2008, binti wa miaka 13 alipigwa mawe mpaka akafa mbele ya umati uwanjani. Amnesty International walieleza kwamba yeye ndiye aliyekwenda kushtaki kuwa amebakwa na wanaume watatu. Hao wanaume hawakukamatwa. Muulize huyo kijana hukumu hiyo aiweke wapi.

Mengine yalikuja kidogo kidogo. Walianza na maulidi. Fikiria Barawa bila maulidi! Mji wa Sheikh Uways, aliyeieneza tarika ya Qadiriyya pwani yote hii mpaka Unguja. Mji wa Dada Masiti, ambaye tenzi zake bibi alizisoma kwa moyo. Wakaambiwa hiyo ni bid'a, uzushi katika dini, na kuzuru makaburi ni shirki, na kila walipotawala makaburi ya mashekhe yakavunjwa. Watu waliokuwa Waislamu kabla babu zao hao vijana hawajazaliwa wakawa wanafundishwa dini upya na mtoto mwenye bunduki. Mama mdogo asema walisoma maulidi chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Muziki marufuku, mpira kwenye runinga marufuku, BBC ikapigwa marufuku Aprili 2010. Mwezi huo huo huko Jowhar waliamuru skuli ziache kupiga kengele, eti zafanana na za kanisani. Hapo mama mdogo hucheka, ndipo pekee anapocheka.

Yeye alikuwa akishona kofia na kuziuza mwenyewe sokoni, kama alivyofanya mamake. Wakamwambia vazi lake jepesi. Akavaa zito, kwa jua lile. Kisha wakamwambia mwanamke hasimami akauziana na wanaume, amlete mwanamume wake. Mumewe alikwishakufa. Mwanamume aliyekuwa naye ni mwanawe, binamu yetu, na hapo ndipo hofu ilipoanza hasa, kwa sababu mvulana akionekana sokoni, huonekana pia na wanaotafuta wavulana.

Huko Elasha Biyaha, karibu na Mogadishu, Septemba 2011, redio yao ya Andalus ilifanya mashindano ya watoto ya kusoma Kurani. Zawadi ya kwanza ilikuwa bunduki aina ya AK-47 na dola 700. Wa tatu alipewa maguruneti mawili. Kurani, mdogo wangu, na guruneti. Katika madrasa ya mtaani kwa mama mdogo nako majina ya wavulana yakaanza kuandikwa. Mama mdogo hakungoja. Alimpakia mwanawe kwenye mashua ya samaki usiku. Ndiye yule uliyempa kitanda chako, ukanilalamikia kwamba hataki kutoka nje na hushtuka mtu akibisha hodi.

Asubuhi yake jirani alimwuliza, "Mwanao yuko wapi leo?" Wamekua pamoja, wamenyonyeshana watoto. Mama mdogo akamjibu kwamba amekwenda kwa ammi yake shambani. Wakati huo Amniyat, wapelelezi wao, hakuna aliyewajua kwa sura. Angeweza kuwa muuza maziwa. Mpaka leo hajui kama yule mwanamke aliuliza kwa mapenzi au alitumwa. Ameniambia kwamba majeraha ya bakora yalipona, lakini swali hilo bado linamwamsha usiku. Hili ndilo nalokuomba ulifikishe maskani: mwizi wa duka aliondoka, ukaja wizi mwingine ambao huwezi kuushtaki kwa kadhi yeyote.

Njaa nayo. Ukame haukuletwa na wao, tuwe waadilifu. Lakini zaka ya mifugo walichukua, ushuru wa njiani walitoza, tena kwa risiti, na mashirika ya chakula walikuwa wamekwishayafukuza. Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011, Shabelle ya Chini, mkoa wetu, ilikuwa ya kwanza pamoja na Bakool ya kusini. Msemaji wao akasema ni propaganda. Novemba wakafungia mashirika mengine 16. Watafiti walikuja kukadiria kwamba waliokufa kusini na kati mwa Somalia walifika watu 258,000, zaidi ya nusu watoto wa chini ya miaka mitano. Na bandari yetu wakati huo ilikuwa ikipakia makaa ya kuuzwa nje.

Oktoba 2013 makomandoo wa Marekani waliivamia nyumba moja ufukweni wakimtafuta kamanda mmoja wa Al-Shabaab, wakaondoka bila yeye. Baada ya hapo kila mwenye simu akawa mshukiwa, na Januari 2014 Al-Shabaab wakaamuru kampuni zizime intaneti ya simu. Ndiyo maana siku zile tulikuwa tukipata salamu tu kutoka kwa mama mdogo. Mji ulichukuliwa na jeshi la serikali na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, tarehe 5 Oktoba 2014, siku ya pili ya Idi kubwa. Mji tu lakini. Barabara zilibaki kwa Al-Shabaab, na mzigo ukawa unatozwa na huku na huku.

Na huku nako usidhani tuko peponi. Juni 2013 kituo cha Wabarawa hapa Muswell Hill kilichomwa moto. Labda aliyechoma alidhani amelipiza kisasi kwa magaidi.

Mama mdogo atakupigia Jumapili baada ya alasiri ya huko. Huyo kijana akikubali, mkalishe karibu uweke spika. Usimtangulizie matusi wala usimwite gaidi. Ni mtoto wa watu na hajafanya neno. Mama mdogo asema hatamgombeza, ana swali moja tu la kuanzia: kama mamake ana biashara, na ni nani atakayekwenda kuisimamia.

Kofia yako imekwisha, yangoja msafiri.

Wasalaam,
Dadako