Kulia au kuume?

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama magoti tu, na mwembe wa uani umezaa mwaka huu hadi majirani wakiniona na kikapu wanafunga mlango. Salamu zimekwisha. Mwajuma anaondoka Jumatano, nina jambo la kukuuliza, na nikianza kukuhadithia ya mtaani sitalifikia.

Najua nimenyamaza. Tutafika huko.

Unaikumbuka ile hadithi ya mfalme na milango miwili, kijana aliyependana na binti mfalme anahukumiwa afungue mmoja, nyuma ya huu simbamarara wa kumla, nyuma ya ule mwanamke wa kuozwa papo hapo? Ile aliyotusomea mwalimu wa miwani, mvua inapiga bati, akafika mwisho, akafunga kitabu akaenda zake, sisi tukabaki tunapiga kelele? Nimeifasiri. Usicheke. Watoto wangu wa kidato cha pili wanataka kuigiza siku ya wazazi, na kila igizo wanaloleta lina baba mlevi, nikasema mwaka huu hapana. Nikamtafuta yule Mmarekani, Frank Stockton. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye jarida la The Century mwaka 1882, kurasa chache tu. Nikadhani ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Huu mwezi wa pili.

Shida ya kwanza ilikuwa yule mwanamke wa nyuma ya mlango. Nilimwita bibi, darasa likaanguka: kijana amehukumiwa na mfalme, afungue mlango, atoke bibi yake na bakuli la uji? Nikajaribu binti. Lakini mtoto wa mfalme naye ni binti, na ukishachanganya mabinti wawili hadithi imekufa. Mwisho nikamwita mwali, na nilipoliandika tu nikaona limekaa mahali pake. Mwali si ndiye anayefichwa ndani asionwe na mtu mpaka siku ya kutolewa? Mmarekani wa watu hakuwa na neno kama hilo. Simbamarara nimemwacha kama alivyo, ingawa kuna mmoja wa dawati la nyuma aliuliza huyo ni simba au ni chui. Nikamwambia akishaanza kukutafuna hutauliza.

Halafu nikaokota dhahabu. Stockton mwishoni ilimbidi aulize wazi: katika hao wawili, ni yupi? Mimi nimeandika, "Mlango ukafunguka, akatoka." Basi. Mtu akitoka ni akatoka, mnyama akitoka ni akatoka, kitenzi kimefunga mdomo. Nilijisifu peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika. (Kesho yake mtoto mmoja akauliza kama aliyetoka si kijana mwenyewe, amechungulia akakimbia. Nimekataa kumjibu.)

Sasa sikia kilichonishinda. Binti mfalme amekaa jukwaani na babake. Ametumia dhahabu yake, amejua mlango upi una nini. Kijana yuko chini uwanjani, anamtazama kwa macho ya kuuliza. Binti anainua mkono kidogo, anauelekeza upande mmoja, haraka, hakuna aliyeona ila yeye. Upande wenyewe ndio huo ambao mimi na wewe tungesema kulia. Nikaandika kulia. Msichana mmoja mwembamba, hasemi mwezi mzima, akainua mkono: "Mwalimu, mlango wa kulia si ndio wa kuliwa?" Darasa zima, aaah! Na mwingine akadakia, au wa kulia machozi. Rukia, nilisimama na chaki yangu. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, nani asiyejua, lakini nani hulifikiria? Sasa simbamarara yumo ndani ya neno lenyewe. Nimeshawaambia jibu kabla mlango haujafunguka.

Nikakimbilia kuume, nikikumbuka mamako alivyokuwa akitugombeza tukipokea vitu kwa mkono wa kushoto. "Akauelekeza kuume." Zuri, la kale kidogo, linafaa ufalme. Usiku nimelala nikashtuka: kuume kwa mume. Nimemuoza! Tarumbeta, kengele za shaba, watoto wanamwaga maua. Kisha nikageuka upande wa pili nikawaza, aa, ikiwa huku ni kuume basi kule ni kuke, na mwali ni wa kike, kwa hiyo yuko mlango wa kule, kwa hiyo huku ni... Saa nane ya usiku, mtu mzima, na kesho nina vipindi sita.

Kwa hiyo huenda kuume ndilo, maana linavuta kote kote. Ila watoto wengine hawalijui, wananiuliza kuume ni wapi. Na neno ambalo mtu halijui halimvuti popote.

Wasichana karibu wote wanasema simbamarara. Wavulana wanamwamini binti mfalme, masikini ya Mungu. Nikawasomea tena pale anapowaza usiku kucha: mara nyingi aliota mpenzi wake anafungua mlango wa mnyama, akafunika uso kwa mikono. Lakini mara nyingi zaidi alimwota kwenye mlango wa pili, anafurahi, anaozwa na yule ambaye yeye mwenyewe alishamwona akimkonyeza. Mara nyingi zaidi! Tulilipita neno hilo tulipokuwa mabwenini. Halafu hapohapo Stockton anageuza: lakini yale makelele, ile damu. Kila ukiegemea anakuondolea ukuta.

Na usidhani aliwahi kusema. Watu walimwandama, mwaka 1885 akaandika hadithi nyingine. Wageni watano wanakuja kwenye ufalme uleule kuuliza nani alitoka, na ofisa mmoja anawasimulia kisa kingine kabisa, cha mwana wa mfalme aliyeozwa akiwa amefungwa macho kisha akaambiwa amtambue mkewe kati ya wanawake arobaini, akikosea kichwa chini. Mmoja akatabasamu, mmoja akakunja uso. Aliyemchagua ndiye. Nani? Mkinijibu hilo, anasema ofisa, nami nitawajibu lenu. Mswahili wa kwetu kabisa yule.

Lakini kinachonisumbua mimi siku hizi si binti mfalme. Ni kijana. Sisi tuligombana juu ya binti siku mbili nzima, hukunisemesha, na sukari yangu ukaila. Kijana hakuna aliyemuuliza. Alijua kwamba binti anajua. Hilo tu ndilo alilokuwa na hakika nalo. Kwamba anamtakia mema, hakuna mahali palipoandikwa. Angeweza kuuona mkono akaenda upande wa pili. Hakusita hata hatua moja. Nadhani alikuwa anamfahamu. Nadhani aliona mkono unakwenda wapi, akajua una maana gani, akaenda vilevile kwa sababu… sijui. Niliifikisha hapo nikalala.

Wewe ulikuwa wa simbamarara. Ulisema utamwelekeza kwa mnyama na utakaa mbele, upate kuona vizuri. Mimi nikasema mwali, nikajiona mtu mwema.

Haya. Mwajuma aliniambia habari ya Sefu tangu kabla ya Ramadhani. Kwamba ameoa. Kwamba siku ile wewe ulipeleka udi, ule mzuri uliokuwa ukiuficha chini ya khanga, na chetezo chako mwenyewe. Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya. Ningesema pole, na kama hukutaka pole? Ningekusifu moyo wako, ungenitukana, na ningestahili. Nikasema nitaandika wiki ijayo. Ndivyo wiki ijayo zinavyokuwa miezi saba.

Wallahi hadithi sikuichagua kwa ajili yako, watoto ndio. Lakini tukifanya mazoezi, yule mwembamba ndiye binti mfalme, akiinua mkono wake pale kwenye kiti cha walimu, mimi naona chetezo. Naona moshi. Mwajuma anasema ukumbi wote ulinukia na watu wakasema mashaallah. Hakusema uso wako ulikuwaje na mimi sikumuuliza.

Sasa nijibu. Ukisikia "akauelekeza kuume", unasikia mume, au unasikia upande tu? Mamako bado anasema kuume, au naye amehamia kulia kama sisi? Huko Muscat mtoto wa Kiswahili akisikia kulia anafikiri nini? Ungali wa simbamarara? Chetezo kilirudi? Unakula? Unalala? Watoto wako upande gani, nisikilize ninavyouliza, namaanisha nyumba gani? Niendelee kuuliza au ninyamaze?

Igizo ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo, kwa hiyo una siku chache. Tuma sauti, usiandike, nataka kukusikia. Embe za juu ndizo zilizoiva; za chini ziache siku nne kwenye mchele, na Mwajuma akikwambia zilikuwa kumi, zilikuwa kumi na nne.

Ni mimi shogako,
Mwanaidi