Tafadhali usiifungue ile saa

Khamisi ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa Mzee Shee. Sisi hatujambo. Habari za nyumbani nitakuandikia siku nyingine, maana barua yako imenishtua pale uliposema Ijumaa unaifungua ile saa ya wazamiaji, uikwangue rangi ya zamani kwa wembe upake mpya. Tafadhali usiikwangue. Hata mfuniko wa nyuma usiuguse.

Muuzaji amekwambia haing'ai tena gizani, kwa hiyo sumu imekwisha. Si kweli. Kinachong'aa ni unga wa salfaidi ya zinki, na radiamu, madini yenye mionzi, ndiyo inayouchochea. Unga ule huchakaa mapema. Radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Mwanga umezimika, mionzi ipo pale pale.

Na kwa jinsi ulivyoieleza (umbo la mto, milimita 47, vishikio vya mkanda ni waya zilizochomelewa, uso wa bamba mbili na la juu limetobolewa namba), kama si bandia basi ni ya ukoo wa Radiomir, saa za kampuni ya Panerai. Panerai hao wa Florence, Italia, walikuwa na rangi hiyo ya radiamu tangu 1916, na mwaka 1936 wakatengeneza saa za majaribio kwa jeshi la majini la Italia, makasha na mitambo ikitoka Rolex. Mzamiaji alitakiwa aisome usiku ndani ya maji machafu ya bandari, ndiyo maana radiamu ilijazwa kwa wingi katikati ya zile bamba. Hiyo ndiyo unayotaka kuitia wembe, Khamisi!

Wale watu hawakuvaa saa kwa urembo. Usiku wa kuamkia 19 Desemba 1941, Waitaliano 6 juu ya torpido 3 za kupandwa na watu waliingia bandari ya Alexandria, na asubuhi meli za Waingereza HMS Valiant na HMS Queen Elizabeth zikalipuliwa. Walivuta oksijeni tupu katika kifaa kisichotoa mapovu. Chokaa inayonyonya hewa chafu ndani yake ina muda wake, na baruti nayo hutegwa kwa muda. Usipojua dakika ngapi zimepita, hujui umebakiwa na nini.

Adui wa saa hizo alikuwa kile kitufe cha kutilia ufunguo. Kila siku unakifungua, unazungusha, unakaza. Mpira wake unalika, maji yanapata njia. Panerai baadaye wakaweka daraja lenye kikono cha kukibana. Hamilton wa Marekani wakakifunika kwa kifuniko cha skrubu chenye mnyororo, kama chupa ya maji ya askari. Lakini dawa nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Blancpain wa Uswisi mwaka 1953, walipowatengenezea saa iitwayo Fifty Fathoms akina Maloubier na Riffaud wa kikosi cha wazamiaji wa Ufaransa: saa ijijaze yenyewe mkono unapotikisika, kitufe kisiguswe ovyo, na kiwe na mipira miwili. Pete ya juu unaizungusha mpaka alama ya sifuri ikutane na mshale wa dakika, ndipo unazama. Na haizunguki mpaka uibonyeze, isije ikajisogeza ikakudanganya.

Narudi kwenye wembe. Kioo kikiwa kizima kinazuia sehemu kubwa ya mionzi. Ukikwangua unapata vumbi, na vumbi ukilivuta au kulila, radiamu hukaa mifupani kama chokaa. Wale mabinti wa New Jersey waliopaka nyuso za saa wakichongoa brashi kwa midomo mataya yao yalioza namna hiyo. Basi itie katika mifuko miwili ya plastiki ya kufunga, uiweke mahali penye hewa, si chumbani, kwa sababu hutoa gesi ya radoni, nayo ina mionzi. Ukiishika, nawa. Meza uipanguse kwa kitambaa kibichi ukitupe, usifagie, usipulize. Usiitumbukize majini kuijaribu, mipira ya umri huo imekauka kama ukoko. Halafu waulize Tume ya Nguvu za Atomu waipime. Ukitaka ya kuvaa, tafuta yenye herufi T usoni: hiyo ni tritiamu, nayo ina mionzi lakini hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Hata hiyo usiikwangue.

Sasa nijibu upesi. Umeshaifungua? Kioo kina ufa? Namba zina rangi ya kahawia kama zimeungua, au ni nyeupe safi? Nyuma kwa ndani Mwanaisha anasema kuna maandishi. Yeye ameyaonaje kama haijafunguliwa? Watoto wameichezea? Na hivi sasa, unaposoma barua hii, iko chumba gani?

Wako,
Idi