Kabla hujawaleta wenzako mwambani

Swafiya mamangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila upepo wa kusi umeshika na mashua imelala pwani siku ya nne leo. Ndiyo maana nimepata wasaa wa kukuandikia.

Ujumbe wako nimeuona, na ile picha. Wauliza kama huyo samaki taa wa madoa ya buluu ndiye aliyenichoma mwaka ule, na kama wenzako wa chuo wataweza kutembea mwambani Nyali bila hofu. La, siye huyo. Mimi nilichomwa na taa mwingine, nyenga wa rangi ya mchanga, aliyejifukia hadi yakabaki macho tu. Nilimkanyaga mgongoni, akapiga mkia, mwiba ukaniingia juu ya kifundo. Jirani alikuja na majivu ya kupaka, mamako akamfukuza. Akanitia mguu kwenye karai la maji moto, ya kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, kwa sababu sumu ile huharibiwa na joto. Maumivu yalipotulia tukaenda hospitali, maana kipande cha mwiba kilikuwa kimebaki ndani.

Huyu wako hajifukii sana. Yeye hupenda kuingia chini ya jiwe. Maji yakiwa yamepwa, inama utazame pangoni: mara nyingi utaona mkia tu, una michirizi miwili ya buluu, mmoja kila ubavu. Usiuvute! Miiba yake, mmoja au miwili, haiko shinani mwa mkia kama ya taa wengine. Iko mbali, kuelekea ncha. Anayedhani ameshika pahali salama ndiye anayechomwa.

Ukipata subira, kaa hapo mpaka maji yaanze kujaa. Ndipo wanapotoka, wakati mwingine kikundi, wakipanda kwenye mchanga wa maji madogo kutafuta kaa, kamba, minyoo na chaza. Niliwahi kusimama maji ya magoti, mmoja akanipitia karibu kabisa. Mwili haukufika upana wa sinia dogo. Hawa hawazidi sentimita 35 hivi. Alitua, akakifunika kitu kwa mwili mzima, kingo zikabana mchanga pande zote. Mdomo wake uko chini na macho yako juu, kwa hivyo anachokula hakioni. Kuzunguka mdomo ana vitundu vidogo vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwa kiumbe aliye hai, hata akiwa amezikwa mchangani. Nyuma ya kila jicho nikaona tundu likifunguka na kufunga. Hapo ndipo anapovutia maji ya kupumua, kisha huyatoa kwa matamvua yaliyo tumboni. Angeyavuta kwa mdomo, angemeza mchanga kutwa.

Halafu, mamangu, hatagi. Mayai huanguliwa tumboni, na watoto hulishwa humo humo kwa majimaji kama maziwa. Huzaa hadi saba, kila mmoja upana wa kisahani cha kikombe, na madoa yake tayari. Mimi miaka yote nimevua na hili sikulijua mpaka mtu wa hifadhi ya bahari ya Mombasa aliponieleza. Nilikuwa nikimjua taa kwa mchuzi na kwa ule mkia wake mkavu aliotuchapia maalimu chuo cha Kurani, ambao mgongo wangu waukumbuka mpaka leo.

Basi waleteni kaskazi ikiingia, bahari ikiwa safi. Chagueni bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu; siku hizo maji hupwa mbali asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Waje na viatu vya zamani vyenye soli ngumu. Penye mchanga na majani, wasinyanyue miguu, waiburure, ili nyenga asikie mtikisiko aondoke mwenyewe. Na ndani ya hifadhi hakuna kuokota kitu, hata kombe tupu. Mahali pale palitengwa tangu 1986 na walinzi hawana mchezo.

Nitawasubiri na mashua. Niambie mko wangapi, mamako ataka kujua apike wali wa pishi ngapi.

Babako