Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: maji yakitakata, tuulize rangi imekwenda wapi

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni fundi wa mtambo wa majitaka katika kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Nakuandikia kuhusu kipengele kimoja cha vibali vyetu vya kumwaga maji: kile kinachopima rangi. Sikuombi ukiondoe, ila kisiachwe peke yake. Hoja yangu inapitia kwenye kuvu, jambo ambalo najua halifiki mezani kwako mara nyingi. Naomba univumilie.

Mwaka 1856 William Perkin, kijana Mwingereza wa miaka 18, alitengeneza rangi ya zambarau maabara. Tangu hapo wakemia wamehangaika kutafuta rangi zisizochuja kwa jua, sabuni wala jasho, na wamefaulu. Mnunuzi anafurahi, sisi wa matangi tunaumia, kwa sababu rangi isiyoshindwa na sabuni haishindwi kirahisi na bakteria wetu pia. Halafu si yote inayoshika. Kwa rangi za pamba zinazoitwa riaktivu, kati ya sehemu moja ya kumi na nusu nzima huweza kubaki majini, ikatoka pamoja na chumvi nyingi na magadi. Miligramu moja kwa lita yatosha jicho kuiona. Mtoni, rangi huzuia mwanga kuifikia mimea ya chini, na hewa ya maji hupungua.

Sasa tuje kwenye kipimo. Rangi nyingi tunazotumia ni za azo, yaani molekuli zake zimeshikizwa kwa naitrojeni mbili zilizofungana. Ziweke kwenye tangi lisilo na hewa, bakteria watakikata kifungo hicho, maji yatakuwa meupe, na mkaguzi ataandika "sawa". Lakini vipande vilivyobaki ni amini za aromatiki, yaani kemikali za naitrojeni zilizoshikana na pete ya kaboni, na baadhi yake, benzidini ikiwemo, husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulilijua hilo: mwaka 2002 ulipiga marufuku kwenye nguo zinazogusa ngozi zile rangi za azo zinazoweza kutoa amini 22 zilizotajwa kwa majina. Marufuku hiyo inamlinda anayevaa. Anayechota maji chini ya bomba la kiwanda hakufikiriwa. Kuna pia wanaotia shabu na chokaa, rangi ikazama na kuwa tope, kisha tope likapakiwa kwenye lori. Na wapo wanaoongeza maji safi tu mpaka kipimo kikubali. Huo, Mheshimiwa, ni ujanja ambao kila fundi anaujua.

Kuvu hufanya vingine. Zipo zile zinazoozesha magogo yakabaki meupe na laini, mfano Phanerochaete chrysosporium na Trametes versicolor, na hata Pleurotus ostreatus, uyoga unaolimwa na kuliwa. Kazi yake porini ni kuvunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Lignini haina umbo moja, kwa hiyo vimeng'enya vinavyotolewa na kuvu hizi, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia, havichagui sana cha kushambulia. Kimoja wapo, lignini peroksidesi, kiligunduliwa mwaka 1983, na mwaka huo huo watafiti walikuwa wameshaonyesha Phanerochaete chrysosporium ikiondoa rangi. Vimeng'enya hivi vinaoksidisha, vinafanya kazi penye hewa, na kwa kawaida haviachi zile amini kama wafanyavyo bakteria wa tangi lisilo na hewa.

Tia vidonge vya kuvu hai, yaani vibonge vidogo vya nyuzi zake, kwenye chupa yenye Reactive Black 5, rangi nyeusi ya azo ya pamba, iliyoyeyushwa. Kwanza maji yanaanza kung'aa na vidonge vyenyewe vinakuwa vyeusi. Mtu mwenye haraka angeshangilia hapo. Lakini rangi imehama tu, kama maji yaliyonywewa na sifongo. Subiri. Kuvu ikiwa hai na ina sukari kidogo ya kula, vidonge vyenyewe huanza kupauka siku zinazofuata, na hapo ndipo rangi inavunjwa kweli. Vikibaki vyeusi, umejitengenezea taka ngumu. Tofauti hiyo haionekani kabisa kwenye fomu ya leo, maana fomu inatazama maji peke yake.

Jambo linaloniudhi ni kwamba kimeng'enya cha kuvu, lakasi, kimekuwa kikiuzwa kwa viwanda vya nguo tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya kupausha suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa. Kumbe kinaaminika kwa urembo! Kwa maji machafu ya jengo hilo hilo, tunaambiwa bado ni mambo ya maabara.

Sitaki nikuuzie muujiza. Lakasi nyingi hupenda uchachu wa pH 4 au 5, na maji yetu hutoka ya moto na yana magadi, kwa hiyo lazima yapozwe na yarekebishwe kwanza. Bakteria wa kawaida huivamia kuvu na kuinyang'anya chakula. Hapo ndipo majaribio mengi hukwama yakitoka maabara. Chumvi haiondoki. Shaba na kromi za baadhi ya rangi haziozi, zitabaki mahali fulani. Atakayekuletea mtambo wa kuvu bila kutaja haya, mwonyeshe mlango.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kipimo cha rangi kiambatane na kipimo cha sumu, kwa Dafnia, kidudu kidogo cha majini, au hata kwa mbegu zinazooteshwa kwenye maji hayo, pamoja na kipimo cha amini. Sampuli ichukuliwe kabla maji hayajachanganywa na mengine. Na kiwepo kibali cha majaribio, chenye muda maalumu, kwa kiwanda kinachotaka kupitisha sehemu ndogo ya maji yake kwenye kuvu, mathalani kwenye mabaki ya majani na pumba za mbao yanayotupwa baada ya kuvuna uyoga, ambayo bado yana nyuzi hai za kuvu na vimeng'enya. Matokeo yatangazwe, mabaya pia.

Na wakaguzi wako, tafadhali, wasije saa nne asubuhi kwa miadi. Waje usiku, zamu ya kubadilisha rangi, mashine zinapofunguliwa maji. Sisi mafundi tutakuwepo.

Wasalaam,
Fundi wa majitaka, kiwanda cha nguo